Nilivyoipata Historia ya Redio Yetu ya Nakuru katika Kaseti za Kinyozi

Mwaka 2021, Nakuru ilipokuwa ikisubiri kupandishwa hadhi kuwa jiji, niliamua kuandika historia ya stesheni ya redio iliyotulea sisi vijana wa mji huo kwa muziki wa genge na kapuka. Stesheni yenyewe siitaji kwa jina, kwa kuwa waliowahi kuifanyia kazi walinisimulia mambo yao kwa sharti hilo. Nilidhani ningefika ofisini, nionyeshwe kabati la kumbukumbu, nianze kuandika. Badala yake niliambiwa kwamba hakuna kipindi cha zamani kilichohifadhiwa: kaseti zilikuwa zikirekodiwa upya juu ya vipindi vya nyuma ili kubana matumizi, na kompyuta iliyokuja baadaye iliharibika pamoja na vyote vilivyokuwamo. Niliumia sana, kwa sababu sauti zile ndizo zilizokuwa zikitutangaza majina yetu kwenye salamu za Jumamosi.

Nikawatafuta watangazaji wa mwanzo, nikawapata watatu. Walikubaliana kuhusu kiu ya wakati ule, kwamba baada ya miaka mingi ya kusikiliza redio ya serikali peke yake, kuanza kwa Capital FM jijini Nairobi mwaka 1996 na Kiss 100 mwaka 2000 kuliwafanya vijana wa miji mingine nao watamani redio inayozungumza kama wao. Kuhusu mwaka ambao stesheni yetu ilianza kurusha matangazo, hata hivyo, kila mmoja alinipa wake. Mmoja alihesabu kwa kuzaliwa kwa mwanawe, mwingine kwa kodi ya nyumba aliyokuwa akilipa katika mtaa wa Shabab, na wa tatu alikuwa na hakika kabisa bila ya kunipa sababu yoyote. Sikuwalaumu, lakini sikuweza kuandika historia juu ya msingi wa namna hiyo.

Aliyeniokoa ni kinyozi mmoja mzee wa mtaa wa Bondeni. Miaka yote hiyo alikuwa akirekodi kipindi cha Jumamosi usiku kwa redio kaseti yake, ili wateja wake wasikose muziki wiki nzima. Alinitolea katoni iliyokuwa chini ya benchi, akaipangusa kwa taulo lake la kazi, akasema, "Kijana wangu, wateja walikuwa wakija kunyolewa kwa sababu ya hizi. Zichukue, ila uzirudishe zote." Nilihesabu kaseti 41, nyingi zikiwa za dakika 90, na karibu zote hazikuandikwa kitu juu yake isipokuwa neno "Jumamosi".

Kabla ya kucheza hata moja nilivunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kila kaseti, ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya akafuta kilichobaki. Kaseti ambazo kisifongo chake kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha kusomea kilikuwa kimebanduka, nilizifungua kwa bisibisi ndogo na kuuhamishia utepe wake kwenye ganda la kaseti nyingine. Kichwa cha kusomea nilikisafisha kwa pamba na spiriti kila baada ya upande mmoja, kwa sababu utepe wa zamani huacha unga wa kahawia na sauti hufifia polepole bila wewe kugundua. Kazi hii haina njia ya mkato: kaseti ya dakika 90 huingia kwenye kompyuta kwa dakika 90, na ukihifadhi sauti bila kuibana, saa moja huchukua takriban megabaiti 600. Miezi minne ilipita hivyo, usiku kwa usiku.

Mzee alikuwa na desturi ya kusimamisha kurekodi matangazo ya biashara yalipoanza, kwa kuwa hayakumfaa. Siku ambazo mikono yake ilikuwa kwenye kichwa cha mteja hakuweza, na matangazo hayo yaliyoponyoka ndiyo yaliyonipa miaka. Kampuni ya simu ya Kencell iligeuka kuwa Celtel mwaka 2004, Celtel ikawa Zain mwaka 2008, na Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Basi kila nilipolisikia mojawapo ya majina hayo, nilijua kaseti iko katika kipindi gani. Katika kaseti moja mtangazaji aliwasomea wasikilizaji nambari ya simu ya mezani ya studio ikianza na 037, msimbo wa Nakuru kabla haujabadilishwa kuwa 051. Nilimpigia yule mtangazaji wa tatu papo hapo, nikamchezea sauti yake mwenyewe. Alikuwa sahihi kuliko wenzake wote.

Kaseti nyingine haikuhitaji tangazo. Mwanamuziki E-Sir alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 16 Machi 2003, akirejea Nairobi baada ya onyesho hapa Nakuru, na katika kaseti hiyo wasikilizaji waliokuwa wamemwona jukwaani wanapiga simu mmoja baada ya mwingine. Msichana mmoja anaanza kueleza alivyokuwa amevaa, kisha ananyamaza, na mtangazaji anamwacha anyamaze kwa muda mrefu kabla ya kuweka wimbo. Hakuna ofisa wala ripoti ingeweza kunieleza redio ile ilikuwa nani kwetu kama zile sekunde za ukimya. Ipo pia kaseti isiyo na simu hata moja, muziki tu na ujumbe wa kuwaomba watu watulie. Hiyo nimeiweka katika zile wiki za ghasia za baada ya uchaguzi, za marufuku ya serikali dhidi ya matangazo ya moja kwa moja, iliyotolewa tarehe 30 Desemba 2007.

Kaseti zote nimezirudisha Bondeni, na Mzee amepewa nakala kwenye flashi, ambayo kinyozi kijana aliyemrithi kiti huicheza kwa spika dukani. Mbili bado sijazipatia mwaka kamili. Daftarini nimeziandikia "baada ya kuja Celtel, kabla ya Zain", na zitabaki hivyo mpaka mtu atakapoitambua sauti.