Kuandikwa Mgonjwa kwa Kamera ya Simu

Wajerumani wana namna ya kusema iliyonichekesha mwaka wangu wa kwanza hapa Leipzig. Mtu ambaye daktari amemkataza kwenda kazini kwa sababu ya maradhi husemwa kuwa "ameandikwa mgonjwa", kana kwamba ugonjwa haujawa ugonjwa mpaka upite kwenye kalamu ya mtu mwingine. Kwetu Tanzania tungesema amepewa ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazini, na hakuna mwalimu, karani wala askari asiyezijua herufi hizo mbili. Nilidhani ni jambo lile lile kwa lugha nyingine, na dhana hiyo ndiyo iliyoniponza.

Jumatatu moja ya Januari niliamka saa kumi alfajiri koo likiwaka, viungo vikiuma kama niliyebeba magunia usiku kucha, na kipimajoto kikisoma nyuzi 38.9. Zamu yangu katika nyumba ya kulelea wazee huanza saa kumi na mbili. Kabla ya kunywa hata maji nilipiga simu kazini, nikamwambia dada aliyekuwa zamu ya usiku kwamba ninaumwa, kwamba sitaweza kufika, na kwamba nitatafuta daktari siku hiyo hiyo. Ndipo nikarudi kitandani.

Nilikuwa na sababu ya kuanza na simu. Mwaka uliotangulia nilipatwa na ugonjwa wa tumbo, nikaenda kwa daktari wangu wa familia, naye akaniambia nisiwe na wasiwasi, kila kitu kinakwenda kwa njia ya kielektroniki. Nilimwelewa kwa masikio ya mgeni. Nilidhani cheti kinaruka chenyewe kutoka kwenye kompyuta yake hadi mezani kwa mwajiri wangu, kwa hiyo nilikwenda nyumbani nikalala bila kumjulisha mtu. Asubuhi ya pili wenzangu wawili walibaki na wazee ishirini na wanne wa kuosha, kuvisha na kulisha, na hakuna aliyejua niliko. Nilipewa onyo la maandishi, nami nikaona nimeonewa, hadi nilipokaa nikausoma utaratibu wenyewe.

Zamani cheti hicho kilikuwa karatasi ya njano, na mpaka leo watu wazima hapa hukiita kwa rangi yake ingawa rangi yenyewe imekwisha kutoweka. Mgonjwa alipewa nakala tatu: moja ya mwajiri, moja ya mfuko wa bima ya afya na moja yake mwenyewe, kisha akatafuta stempu na sanduku la posta huku homa inampanda. Tangu tarehe 1 Januari 2023, kwa mwenye bima ya umma, daktari huituma taarifa kwenye mfuko wa bima, na mwajiri huiomba huko kwa programu yake ya mishahara. Haitumwi kwake, yeye ndiye anayeifuata. Tena haruhusiwi kupekua tu kuona nani anaumwa: anaweza kuuliza baada ya mfanyakazi kumwambia kwamba yu mgonjwa na daktari amemwona. Basi karatasi imeondoka, lakini wajibu wa kutoa taarifa mara moja umebaki mabegani mwa mgonjwa kama ulivyokuwa.

Kwa kawaida sheria inamtaka mfanyakazi awe na cheti pale ugonjwa unapozidi siku tatu za kalenda, yaani siku ya nne iwe imethibitishwa ikiwa ni siku ya kazi. Hata hivyo mwajiri anaweza kukitaka tangu siku ya kwanza, na Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani iliamua mwaka 2012 kwamba halazimiki kutoa sababu yoyote. Mkataba wangu unakitaka tangu siku ya kwanza. Hilo ndilo lililonifanya Jumatatu ile nisiweze kujifunika blanketi na kungoja Alhamisi.

Daktari wangu wa familia alikuwa likizo, na simu ya zahanati yake ilikuwa ikirudia ujumbe ule ule. Angekuwapo, ningezungumza naye kwa simu tu. Utaratibu huo ulianza wakati wa korona mwaka 2020, ukafutwa mwishoni mwa Machi 2023, ukarudishwa Desemba mwaka huo huo: mgonjwa anayejulikana katika zahanati, mwenye dalili zisizo kali, anaweza kuandikiwa hadi siku tano kwa mazungumzo ya simu. Njia ya video ina kipimo chake. Daktari anayekujua anaweza kukuandikia hadi siku saba, na asiyekujua hadi siku tatu. Hakuna mgonjwa mwenye haki ya kudai njia hizi. Daktari akiona ni lazima akuguse tumbo au asikilize kifua, utatoka kitandani na kwenda.

Nilipakua programu ya miadi ya madaktari, nikaingiza namba ya kadi yangu ya bima, nikangoja kwa muda wa dakika arobaini. Nikiwa nangoja niliandika kwenye kipande cha karatasi maneno ya Kijerumani niliyohofia kuyasahau, kwa maana homa hula lugha ya kujifunza kabla haijagusa lugha ya mama. Aliyetokea kwenye kioo alikuwa mama wa makamo mwenye lafudhi ya Bavaria. Aliniuliza dalili zilianza lini, kama kifua kinabana, kama ninatumia dawa nyingine, na kazi yangu ni ipi. Nilipotaja wazee alinyanyua macho. Aliniomba nimulike koo kwa tochi ya simu ya pili, jambo lililochukua majaribio manne kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka, kisha akaniambia nivute pumzi huku akitazama mabega yangu. Akaniandikia siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano. Alisema kwamba nisipopata nafuu nisimtafute tena kwenye kamera, kwa sababu cheti cha kuendeleza kingine hakitolewi kwa video ikiwa cha kwanza nacho kilitolewa kwa video. Sikulipa chochote, bima ndiyo iliyolipa.

Nakala yangu iliingia kwenye programu. Ilikuwa na alama ya ugonjwa, J06.9, ambayo ni maambukizi ya sehemu ya juu ya njia ya hewa. Mwajiri haoni alama hiyo. Anachopata ni jina langu, tarehe ya kuanza na ya kwisha, siku niliyoonwa, kama cheti ni cha kwanza au cha kuendeleza, na kama kuna ajali ya kazini. Hata jina la daktari halimo. Hapa nakiri kwamba nilipumua. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi Dar es Salaam, ED ilipita kwa mlinzi, kwa katibu muhtasi na kwa dereva kabla ya kumfikia mkubwa, na kufikia saa nne asubuhi kila mtu alikuwa akinipa pole kwa ugonjwa ambao sikuwa nimemtajia mtu.

Jioni ile rafiki yangu wa Nakuru, ambaye tunafanya kazi pamoja, alinipigia kunijulia hali. Nilipomweleza habari za tochi na dakika arobaini alicheka sana. "Pole, dada, lakini mbona ukajisumbua? Kuna tovuti unajaza maswali, unalipa, na cheti kinakuja kwa barua pepe. Hakuna kuongea na mtu." Nilimjibu kwamba hapo ndipo penye kasoro: hakuna kuongea na mtu. Tulibishana kwa nusu saa, mimi nikikohoa.

Tovuti za namna hiyo zipo kweli, na kwa jicho la haraka hazitofautiani na huduma halali ya video. Zote ziko mtandaoni, zote zinatoa hati yenye sura ya kitabibu. Tofauti ni kwamba upande mmoja yupo daktari aliyekuona na kukusikia, na upande mwingine umejieleza mwenyewe kwa kubonyeza vijisanduku, kisha ukalipia maelezo yako mwenyewe. Mahakama ya Kazi ya Berlin iliamua mwaka 2021 kwamba cheti kilichotolewa bila mgonjwa na daktari kuwasiliana ana kwa ana au kwa mazungumzo hakina nguvu ya ushahidi. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya kazi ya Hamm ilikwenda mbali zaidi: ilikubali kufukuzwa kazi papo hapo kwa mtu aliyenunua cheti cha aina hiyo na kukiwasilisha kana kwamba daktari amemchunguza. Mwajiri wake alishtuka alipoitafuta taarifa kwenye mfuko wa bima na kuikosa. Inawezekana mtu yule alikuwa akiumwa kweli; kosa lilikuwa kumfanya mwajiri aamini kwamba kulikuwa na uchunguzi ambao haukufanyika. Kwa sisi ambao kibali cha kuishi kinaning'inia kwenye mkataba wa kazi, sioni dakika arobaini ambazo zinafaa kuokolewa kwa bei hiyo.

Jumatano usiku kikohozi kilishuka kifuani. Alhamisi asubuhi nilipiga tena simu kazini, kisha nikajikokota hadi kwa daktari aliyekuwa akimshikia zamu daktari wangu, kwa sababu cheti cha kuendeleza hakitakiwi kuchelewa kupita siku ya kazi inayofuata, na madaktari wa hapa hurudisha tarehe nyuma kwa nadra mno. Aliweka chombo mgongoni, akasikiliza, akaniandikia siku tano zaidi.

Neno moja kwa wenzangu wanaokwenda nyumbani kwa likizo, maana mfumo huu wa kielektroniki unaishia kwenye mipaka ya Ujerumani. Ukiugua Tanga au Kisumu, bado ni karatasi, na ni wewe utakayeifikisha, pamoja na kumjulisha mwajiri kwa njia ya haraka kabisa na kumpa anwani ya mahali ulipo. Siku zilizothibitishwa na daktari hazihesabiwi kuwa likizo, kwa hiyo cheti hicho kina thamani. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kazi, katika kesi ya mtu aliyeugulia Tunisia, ilisema tena kwamba cheti cha nje kina uzito sawa na cha ndani, lakini mazingira yake yote yanaweza kuangaliwa kwa pamoja na kutiliwa shaka. Kinatakiwa pia kionyeshe kwamba daktari ametofautisha kati ya kuumwa na kutoweza kufanya kazi. ED zetu nyingi huandikwa "apumzike siku tatu", basi. Agosti iliyopita malaria iliponikamata Tanga nilimwomba daktari, kwa heshima zote, aongeze maneno "hawezi kufanya kazi" na tarehe mbili. Alinitazama juu ya miwani, akauliza, "Mwanangu, kwani huko kwenu mtu mwenye malaria hufanya kazi?" Kisha akaandika, akagonga muhuri, nami nikakipiga picha cheti kile nikiwa bado nimekaa kwenye benchi la nje.