Ndugu Wanne, Makabati Mawili

Mwaka 2015 kaka mmoja wa Tanga, aliyekuwa akisomea uzamivu wa elimu ya ndege Uingereza, alinikaribisha kwenye stoo ya makumbusho alikofanyia utafiti wake. Ilikuwa na makabati ya chuma tu, lakini alipovuta droo nikawaona ndege wavumaji waliokaushwa, wamelazwa chali kwa safu, kila mmoja kafungwa lebo mguuni kwa uzi.

Ndege hawa wanaishi bara la Amerika tu. Sisi tuna chozi, naye hunyonya maua vilevile, ila hawana undugu. Jamaa wa karibu wa mvumaji ni teleka, wale wanaokata anga kutwa bila kutua.

"Mshike, mdogo wangu, ila taratibu."

Alinipa topazi mwekundu, Topaza pella, wa misitu ya Guyana na majirani zake. Mwili wake ni mwekundu uliokolea, na mkiani manyoya mawili marefu yamepishana. Koo liling'aa kijani chenye dhahabu. Nikamgeuza kidogo tu kuelekea dirishani, mng'ao ukazimika, koo likawa jeusi. Nikamrudisha, ukawaka. Rangi ile huzaliwa na matabaka madogo mno ndani ya unyoya, yanayorudisha mwanga kwa pembe maalumu. Nilimgeuza tena na tena, kaka akanivumilia.

Pembeni yake alilala Topaza pyra, aliyepewa jina na John Gould, mtaalamu wa ndege Mwingereza, mwaka 1846. Gould huyu aliwaonyesha watu wa London mamia ya wavumaji waliokaushwa mwaka 1851, naye mwenyewe alikuwa bado hajamwona hata mmoja akiwa hai!

Kisha tukavuka chumba hadi kabati jingine, wanakokaa jakobini, wavumaji wa aina nyingine. Wa kwanza, Florisuga mellivora, ana kichwa cha buluu na baka jeupe kisogoni. Wa pili ni mweusi, wa misitu ya mashariki ya Brazil, na zamani aliwekwa peke yake katika jenasi, yaani kundi la spishi, iliyoitwa Melanotrochilus. Wote wawili wana mkia mweupe.

Kaka akawapanga wote wanne mezani. Kwa macho, hakuna ambaye angewaita ndugu. Lakini mwaka 2014 mwanabiolojia Jimmy McGuire na wenzake walichapisha mti wa ukoo uliojengwa kwa DNA ya spishi 284 za wavumaji, na hawa wanne wakaangukia tawi moja, lililoachana na wengine yapata miaka milioni 22 iliyopita. Zumaridi, tawi jingine, lina spishi zaidi ya mia. Hili lina nne tu, na hilo ndilo lililonishika moyo.

"Sasa mbona hamjawaweka pamoja?" nikauliza.

Akasema droo zilipangwa kwa orodha ya zamani, na ukihamisha moja lazima uhamishe nyingi. Sikuridhika, nikamwambia hivyo. Akacheka, akavuta kiti, akaanza kunilinganishia midomo yao mifupi, iliyonyooka kiasi, na ile iliyopinda ya wavumaji wa droo ya juu.