Nairobi hadi New York kwa uzi wa kushonea

Kwa siku tatu nilibishana na mpwa wangu kuhusu njia ya ndege itokayo Nairobi kwenda New York. Alikuwa ameweka rula juu ya ramani ya dunia iliyobandikwa sebuleni, akachora mstari unaopita Kamerun, Nijeria na Mauritania kabla ya kuingia Bahari ya Atlantiki, naye akashikilia kwamba hakuna njia fupi kuliko hiyo.

Rula haina kosa. Yenye kosa ni karatasi, kwa kuwa ni bapa ilhali dunia ni mviringo. Ramani yetu ile imechorwa kwa mtindo wa mchoraji ramani Gerardus Mercator wa mwaka 1569, ambao uliwafaa mabaharia kwa sababu mstari ulionyooka juu yake humwezesha nahodha kushika mwelekeo mmoja wa dira tangu bandari hadi bandari, jambo ambalo halifupishi safari hata kidogo. Nilichukua tufe la mfano wa dunia lenye kipenyo cha sentimita 30 na uzi wa kushonea, nikaukaza kati ya miji hiyo miwili, nao ukajilaza wenyewe juu ya Sudan Kusini, Darfur iliyoko Sudan, Chad, pembe ya Niger, jangwa la Algeria na kusini mwa Moroko. Uzi ulikuwa na urefu wa sentimita 28 hivi, na kwa kuwa mzingo wa dunia ni takribani kilomita 40,000, kila sentimita ya tufe lile ni kilomita 425. Tulipata 11,900. Hesabu kamili ni kilomita 11,800 na ushei, kwa hiyo uzi wa shilingi chache haukutuaibisha, ilhali mstari wa rula unazidi kwa kilomita 300 na zaidi.

Ndege, bila shaka, haifuati uzi. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, zikalazimika kuizunguka. Hata hivyo, safari ya moja kwa moja iliyoanzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018 ilikuwa nafuu kubwa, kwani anayepitia Dubai husafiri zaidi ya kilomita 14,000, tena akiwa ameanza kwa kuelekea upande usio wake.

Mpwa wangu alikubali kilomita, ila saa zilimkera. Kwenda huchukua takribani saa 15 na kurudi saa 14, ingawa umbali ni uleule, kwa sababu pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi, zikiikabili ndege inapokwenda na kuisukuma inaporudi. Tena anayeondoka Nairobi saa tano usiku mwezi Januari hufika New York saa kumi na mbili asubuhi, kana kwamba amesafiri saa saba tu, kwa sababu saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa nane. Saa nane zilizobaki atazilipa siku ya kurudi.