Usikeshe na damu chini ya ukucha

Mimi ni tabibu katika zahanati iliyo jirani na karakana za samani za Keko, Dar es Salaam. Asubuhi hunijia vijana wa useremala wenye macho mekundu, mkono wameuinua juu ya bega kwa sababu ukishuka tu kidole kinapwita. Jana yake nyundo ilikosa msumari. Wamemeza panadoli, wamekesha, na ukucha umekuwa mweusi.

Kinachowatesa ni mgandamizo. Damu imevilia kati ya ukucha na nyama yake na haina pa kutokea. Ukucha haunyumbuki, na nyama ile imejaa mishipa ya fahamu.

Tunachofanya ni kutoboa tundu dogo. Tunasafisha kidole, kisha tunatumia ncha ya moto au tunazungusha sindano nene taratibu juu ya ukucha. Hapo wengi hufumba macho, na siwalaumu. Lakini ukucha wenyewe hauna fahamu. Tukiifikia damu tunasimama. Ikichuruzika, kijana anashusha pumzi, na mara nyingi maumivu yanapungua palepale. Hakuna kazi ndogo ninayoipenda kama hii! Dada mwenye kucha za bandia aseme mapema, maana zinashika moto.

Njooni siku ileile au kesho yake, kabla damu haijaganda. Kama hakiumi sana, maji baridi na kuinua mkono vinatosha. Hakuna haja ya kutoboa.

Ndugu zangu mafundi, ile pini ya kuchoma kwa kiberiti pale karakana iacheni, nawasihi. Mfupa wa ncha ya kidole unaweza kuwa umevunjika, nanyi mkaufungulia vijidudu njia. Kidole kikipinda, ncha ikigoma kunyooka au ukucha ukichanika, kwanza apigwe eksirei. Kama kuna kidonda, tutauliza pia habari za chanjo ya pepopunda.

Ukucha wa zamani huenda ukang'oka. Mpya wa mkononi huchukua kama miezi 6 kukua wote, na doa jeusi husogea nao kuelekea ncha. Doa lisilosogea, au mstari mweusi uliojitokeza bila kugongwa, njoo tuuangalie hata kama hauumi. Saratani iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.