Kumbe kitu kidogo tu

Tangu Jumamosi nina sentensi moja tu kichwani na hainitoki, nikiswali ipo, nikila ipo, usiku Mama Nasra ananiuliza mbona hulali namwambia joto, na joto lenyewe halipo, kusi inavuma mpaka mapazia yanapaa.

Ni bosi. Mnamjua, si mtu mbaya, nishasema humu mara nyingi. Alikuja gereji kuchukua kwodi namba saba, katika zile pikipiki za matairi manne anazotembezea wageni, ile iliyotusumbua toka masika yaishe, kaipanda, kaenda nayo mpaka barabara ya lami kairudisha anacheka mwenyewe. Nikamuonesha rola za zamani, vile vigurudumu vidogo vya ndani ya puli, nimezipanga kwenye kifuniko cha kopo la rangi. Kachukua moja kaigeuza kwenye vidole.

"Hizi?"

"Ndo hizo bosi, pamoja na mkanda."

"Kumbe kitu kidogo tu."

"Ndio bosi."

Akanilipa hela ya spea, akaongeza elfu kumi ya soda, kaondoka. Basi, ni hayo tu. Hakunitukana, hakupandisha sauti. Lakini mie toka siku hiyo namsikia anasema kumbe kitu kidogo tu na najisikia mie mwenyewe najibu ndio bosi, na kila nikirudia naona ile rola inavyozunguka kwenye vidole vyake, imelika upande mmoja bapa kabisa, na yeye hata hakuangalia ule upande.

Kwa hiyo leo naandika yote, kama yalivyokuwa, angalau pawe na mahala yameandikwa.

Namba saba ilikaa bandani masika nzima kama wenzake. Msimu ulipofungua tukaziwasha zote, tukabadilisha oili, zikaenda. Namba saba ikawa haivuti. Kwenye njia ngumu ya kijijini inakwenda, ila ukifika kwenye mchanga ule wa kushukia pwani, au mgeni akipakia na mwenzake nyuma, injini inalia mpaka unaionea huruma na kwodi haisogei, na harufu ya mpira kuungua inapanda. Halafu siku nyingine haifanyi hivyo, inafanya jambo jengine kabisa, inatembea vizuri kama nusu saa, ikifika katikati ya safari inaanza kukohoa na kufa pole pole, ukikaa kidogo inawaka tena. Fundi wa mjini alikuja akasikiliza akasema injini imechoka, pistoni na ringi, na silinda ichongwe. Bosi alishaanza kuuliza bei Kariakoo. Mie ndo nikasema bosi nipe nafasi kwanza niitazame.

Mie nilivyofundishwa na Ami, Mungu amrehemu, ukiambiwa chombo hakina nguvu swali la kwanza ni moja: ukipiga resi, injini inapanda au haipandi? Kama haipandi, inakabwa, basi shida ipo kwenye injini, tafuta petroli, hewa, moto. Kama inapanda, inalia juu kabisa lakini matairi hayafuati, injini muache, shida ipo kati ya injini na matairi, na kwenye kwodi za aina hii hapo kati pana klachi na mkanda. Namba saba ilikuwa inafanya yote mawili, ndo maana kila mtu aliyeigusa alishika upande wake akadhani kamaliza.

Nilianza na kukohoa. Plagi nikaitoa, rangi yake kahawia safi, si nyeusi ya masizi wala nyeupe ya kuungua. Kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, nikapima kwa geji ikasoma vizuri. Hapo hapo nikajua pistoni nzima, na hela ya bosi ya kuchonga silinda ibaki mfukoni kwake. Nikaipiga jeki nikazungusha matairi kwa mkono, mepesi, brek hazikamati. Eya klina kuitoa, sponji lote vumbi jekundu, nikalifua kwa sabuni, likakauka, nikalipaka oili kidogo. Ikapata nafuu lakini ikifika katikati ya safari inakufa vile vile.

Nikaipanda mwenyewe mpaka ikafa. Sikupiga stata, nikafungua kifuniko cha tanki kwanza. Ikavuta hewa, fyuuu, unaisikia kabisa. Nikafunga, nikawasha, ikawaka mara moja. Basi tanki lilikuwa halipumui. Petroli ikishuka lazima hewa iingie kujaza nafasi yake, hewa isipoingia petroli inazuiliwa juu, kabureta inakauka. Nikaufuata ule mpira mdogo wa pumzi, nikaukata ncha, ndani nyigu kajenga. Udongo umekauka umeziba vizuri kabisa, na vibuibui vyake ndani, anavyowawekea watoto wake. Masika nzima kwodi imelala, na yeye kapata nyumba. Nikampigia kelele Nasra aje aone, alifurahi huyo, akataka ule udongo apeleke skuli.

Sasa klachi. Hapa ndo penyewe.

Hizi kwodi zetu zina injini ya aina ya GY6, ile ile ya skuta zinazojaa mjini, kwa hiyo hazina gia za kukanyaga. Mbele kuna puli, nyuma kuna puli, mkanda katikati. Puli ya mbele ndani yake mna rola sita, injini ikizunguka kasi rola zinatupwa nje, zinaisukuma puli ijibane, mkanda unapanda juu ya puli ya mbele na nyuma unazama. Ndo gia zake hizo. Nyuma kuna springi inayoubana mkanda usiteleze, na klachi yenye shuu zinazotanuka na kukamata dramu. Ukiifahamu hiyo umefahamu kila kitu, na usipoifahamu utafungua kabureta mpaka uzeeke.

Kabla sijabadilisha kitu nikafanya alivyokuwa akifanya Ami. Nikafungua kava, nikachukua maka peni, nikachora mstari kwenye uso wa puli ya mbele toka katikati mpaka ukingoni. Nikafunga, nikaenda nayo barabara ya Makunduchi nikaifungulia mpaka mwisho wake, nikarudi nikafungua. Mkanda unapopita unafuta wino. Kwenye puli nzima mstari unafutika mpaka karibu na ukingo. Kwenye namba saba ulifutika kidogo zaidi ya nusu na pale ukasimama, wino wote wa juu upo kama nilivyouchora. Mkanda haupandi. Sikuhitaji mtu kuniambia tena.

Nikaitoa puli. Vumbi jeusi la mpira kila pahala, na mchanga mwembamba ule wa pwani. Mtu, simjui nani, alizipaka rola grisi, na grisi imekunywa mchanga ikawa msasa. Rola sita zote zimelika bapa, rola ikiwa bapa haibiringiki tena, inakaa pale pale kwenye ubapa wake inakwama. Mkanda ubavuni umeandikwa 842-20-30, maana yake urefu milimita 842, upana 20, pembe digrii 30. Nikaupima kwa venia, haukufika 18, na mbavu zake zinang'aa kama kioo. Dramu la nyuma lina rangi ya buluu kwa kuungua. Shuu zinateleza ukizipitisha kidole.

Hiyo ndo kazi bosi aliyoiita ndogo. Niseme na jinsi nilivyoifunga, maana kufunga nako si kutia tu.

Nyuso za puli zote nimezisafisha kwa brek klina, hakuna grisi inayoruhusiwa pale, mkanda unashika chuma kikavu. Shuu na dramu nimepitisha msasa mpaka kile kioo kikatoka. Springi ya nyuma nimetia ngumu kidogo kuliko ya mwanzo, isiachie mkanda kwenye mchanga, kidogo tu, maana ukitia ngumu sana unaula mkanda na petroli bure. Rola nimechagua nyepesi, kama gramu moja chini ya zile za kiwandani. Wengi wananibishia hapa. Rola nzito inafanya mkanda upande mapema, nzuri kwa mtu wa lami anayetaka injini itulie. Sisi hatuna lami. Sisi tunapakia watu wawili tunapita mchanga na mawe, tunataka injini ibaki juu kwenye nguvu zake kabla mkanda haujapanda. Kasi ya mwisho unaweza kupoteza kidogo, na kasi ya mwisho mgeni aipeleke wapi, mbele yake kuna mbuzi na watoto wa madrasa.

Bomba la hewa la kwenye kava la klachi nalo nimelitia sponji jipya. Mkanda unapozwa na hewa hiyo, na mchanga ule wote ulipita humo humo kwa sababu sponji la zamani lilishaoza likadondoka. Usipotengeneza hapo, rola mpya utazitoa msimu ujao ziko bapa vile vile.

Nikachora mstari tena. Ukafutika mpaka juu.

Katikati ya hayo tumemsindikiza kaka bandarini anakwenda Muskati, mama kalia mpaka kapoteza sauti, na umeme ulikatika siku mbili, lakini kusema kweli mie kichwa kilikuwa kwenye namba saba.

Sasa mtu anakuja anashika rola anasema kumbe kitu kidogo tu. Nimefikiria majibu mengi. Ningemwambia bosi, kidogo ni hicho ulichoshika, kukijua ndo kukubwa. Ningemwambia silinda ingechongwa bure na kwodi isingevuta, na ungerudi kwangu. Ningemfungulia puli nimuoneshe mstari. Halafu najiuliza angesema nini, na namuona anaangalia saa, wageni wanamngoja, anasema haya haya. Mama Nasra yeye ananiambia ungemtajia bei ya ufundi kabla hajaipanda, akishapanda akafurahi anaona kama ilikuwa nzima siku zote. Ana haki. Mie nilitaka aseme asante fundi, hela sikuifikiria hata kidogo, ndo maana imeniuma zaidi.

Nilikuwa niishie hapa, nimeandika mpaka hapa jana usiku nikafunga simu.

Leo magharibi kaja shemegi. Shemegi ndo anayefunga msafara, kwodi ya mwisho nyuma ya wageni wote, na ikikwama ya mtu ndo yeye anashuka kusukuma, na mgongo wake mnaujua toka ile ajali ya ngalawa. Kaja na pweza, kamuweka mlangoni, hakuingia hata ndani.

"Leo nani alipanda namba saba unajua?"

"Nani?"

"Baba na mwanawe, watu wazima wote wawili, wazito hao. Tumefika pale kwenye kilima cha mchanga mie nishaanza kuvua viatu."

"Ikakwama?"

"Ikapanda! Imepanda mie bado niko chini na kiatu mkononi!"

Akacheka mpaka akashika mgongo. Kisha akasema, shemegi, leo sijashuka hata mara moja, nimerudi nyumbani nimeinama nimemnyanyua mwanangu. Akaondoka na baskeli yake.

Nimekaa pale kizingitini na pweza, sikumwambia kitu, hata asante sijui kama nilisema. Najua kwamba bosi hajawahi kusukuma kwodi mchangani, hajui uzito wake ukiwa mgongo unauma na wageni wanapiga picha. Shemegi anajua. Na mie nilipokuwa napitisha msasa kwenye zile shuu, nikikumbuka vizuri, nilikuwa namfikiria yeye akiwa pale kilimani. Bosi sikumuwaza. Sasa sijui kwa nini nimeikalia sentensi ya mtu ambaye kazi sikuifanya kwa ajili yake.

Kesho nafungua namba tatu na namba tisa kabla hazijaanza, nizikague rola na sponji, nikate na mipira ya pumzi nitazame manyigu. Mikanda nishaagizia mwenye duka wa mjini aniwekee, ya namba ile ile. Na bei ya ufundi nitaitaja kabla ya kushika spana, Mama Nasra kanisimamia nimeiandika kwenye daftari.

Jengine ni maji. Chai ya leo asubuhi ilikuwa na chumvi, nikadhani Nasra kakosea kopo, kumbe maji ya kisima yenyewe. Baada ya ile bamvua yamebadilika kidogo na leo yamezidi, na mvua mpaka vuli. Jirani wa upande wa bara anasema chake bado kitamu ila kimeshuka. Mama mkwe anakuja Ijumaa kukaa mwezi na presha yake ile, daktari kamkataza chumvi, na kununua madumu ya kila siku sijui nitaiweza vipi kwa elfu kumi za soda.