Nilivyotabiri ziro kwa daftari la makande

Juzi dogo mmoja anayesoma masta kanipigia, anataka kufanya risechi ya kutabiri ufaulu wa wanafunzi, na kabla hajaniuliza chochote kashashauriwa na watu anunue laptopu ya milioni mbili na ajifunze hizi modeli nzito nzito za kompyuta za kutabiri ambazo hata anayemshauri hajawahi kuzigusa. Nikamwambia dogo tulia. Mimi laptopu yangu chaji ilikuwa inashika mpaka uegeshe waya na kijiti cha kiberiti, na risechi kama hiyohiyo nimetoboa.

Nianze na aibu yangu. Mimi ni zao la Form Four 2012, ule mwaka matokeo yalitoka zaidi ya nusu ya watahiniwa wana ziro, nikiwemo. Mwalimu wangu wa darasa alikuwa amewaambia wazee nyumbani kwamba mimi ni mtu wa division two bila wasiwasi. Serikali ikaja kuyafuta yale matokeo ikayapanga upya 2013, nikapanda mpaka four, nikazungukia njia ya cheti na diploma, leo na mimi ni mwalimu. Kwahiyo suala la nani anajua mtoto atapata nini lilinikaa kooni muda mrefu. Nilitaka nione kama inawezekana kujua mapema, mtoto akiwa Form Three, kwamba huyu anaelekea kwenye pointi 34 au 35, yaani ziro, au mbaya zaidi siku ya mtihani hatoonekana kabisa.

Vibali siviongelei, barua ya chuo, mkoa, wilaya, mkuu wa shule, unajua mwenyewe. Nikapata shule ya kata moja mkoani Singida, wanafunzi 400 na kitu kwa mikupuo miwili ambayo ilishafanya mtihani, matokeo yao yapo.

Mazoezi nilifanyia data za wanafunzi wa Ureno, ni maarufu sana, shule mbili za sekondari, watafiti Cortez na Silva walizitoa 2008, za hesabu ni wanafunzi 395. Humo kuna umri, kazi ya baba, muda wa kujisomea, pombe za wikiendi, mpaka kama mtoto ana mpenzi. Ukiweka alama za muhula wa kwanza na wa pili unatabiri za mwisho vizuri sana. Ukizitoa, modeli inabaki inapapasa. Hilo lilipaswa kunishtua, halikunishtua.

Nikaja kwenye data zangu, nikabonyeza, modeli yangu nzito ikapatia asilimia 97. Wallahi niliinuka kwenye kiti. Usiku uleule nikampigia mke wangu nikamwambia jiandae, halafu nikamtumia supavaiza wangu ujumbe mrefu wenye maneno kama mapinduzi. Supavaiza ni mama mmoja mpole sana, na upole wake ndio unaokumaliza. Akanijibu, "Mwalimu hongera. Hivi pale alama zilipokosekana uliweka nini?" Nikajibu kwa kujiamini, niliweka sifuri mama. Akasema haya, sasa kaangalie hao wenye sifuri ni kina nani.

Ndugu zangu, walikuwa ni watoto walioacha shule. Mtoto kaondoka Form Three mwezi wa nane, mtihani wa mwezi wa kumi na moja hana alama, mimi nimemjazia sifuri, modeli imejifunza kwamba mwenye sifuri mwezi wa kumi na moja hatoonekana kwenye mtihani wa taifa. Yaani nilikuwa natabiri kifo cha mtu tumeshatoka kumzika na pilau tumekula. Nilipozifuta zile sifuri zote yakabaki matokeo ambayo ungeyapata kwa kurusha shilingi, nimezidisha kidogo tu. Ujumbe wa mapinduzi bado upo kwenye simu yake, aliwahi kunionyesha.

Basi nikarudi kwenye kitu ambacho wenzetu wanakisema kila siku, mahudhurio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walishaonyesha 2005 kwamba huna haja ya mambo mengi, mwanafunzi wa darasa la tisa aliyemaliza mwaka na kredit za kutosha, yaani pointi za masomo aliyofaulu, na kwa mwaka mzima hana F ya muhula zaidi ya moja kwenye masomo ya msingi, ana nafasi kama mara 3 na nusu ya kuhitimu kwa wakati kuliko aliyeachwa nyuma, na huwezi kufaulu masomo usipoingia darasani. Sawa, nikaomba rejesta. Nikakuta darasa zima halijawahi kuumwa malaria, miezi minne tiki tupu, kalamu moja, wino mmoja, mwandiko umelala upande uleule, na siku mbili kati ya zile zilizotikiwa zilikuwa Jumapili. Class master nikamuuliza kwa heshima, akanitazama akacheka, akasema kaka, wewe si mwalimu?

Nikakaa pale nje nyuma ya ofisi nimenyong'onyea, saa ya chakula ikafika. Shule ile mlo ni makande, watoto wanachangia mahindi na maharage, asiyechangia hali. Na pale jikoni kuna mama mpishi, mtu mzima, ana daftari la msomi lililojaa mafuta, kila mtoto akipita na sahani anamwekea alama kwenye jina lake, kila siku, kwa sababu akizidisha sahani yeye ndiye anakatwa. Nilikuwa nimekula pale siku tatu bila kuliona lile daftari. Rejesta ya mwalimu hailipiwi chochote ikidanganya, lakini daftari la mama likidanganya maharage yanaisha mapema, kuna vita.

Nikamfuata. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umekuja kuongezewa? Nikamwambia nataka madaftari yako ya nyuma. Akasema ya nyuma yapo kwenye kiroba, ila mengine ndiyo anawashia moto. Nikakikimbilia kiroba kile kama mtu anaokoa mtoto. Julai yote ya mkupuo wa kwanza ilikuwa imeshachemsha maharage. Zilizobaki nikazipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nyingine zimegandana kwa uji, wiki mbili, na kuingiza kwenye Eksel nikawalipa vijana wawili wa stationari, sijui kama elfu themanini au laki, pamoja na soda.

Sasa hapa ndipo kuna utamu. Nilipochora chati kila baada ya wiki mbili wavulana wanaporomoka Jumatano. Kidogo niandike nadharia ya tabia za vijana, mama mpishi akaniambia mwanangu hiyo ni siku ya mnada. Siku ya mnada kukosekana hakukusema lolote kuhusu mtihani, hata baadhi ya walimu wapo mnadani. Kilichosema ni anayekosekana na kesho yake pia. Nikaiondoa mnada, nikahesabu wiki sita za mwanzo wa Form Three tu, na nikaongeza safu ya nani anaishi geto, yaani kapanga chumba mbali na kwao, na nani hajaleta mahindi mpaka wiki ya nne. Vitu vitatu. Hesabu ya kawaida ya rigreshen, ya kuona kila kitu kinasukuma matokeo kiasi gani, ile ya kwenye vitabu vya zamani. Ikaipita ile modeli yangu nzito kwa mbali, ingawa bado ilikosea watoto wengi tu.

Kuna jamaa kwenye kamati akaniuliza mbona umetumia kitu rahisi hivyo. Nilikuwa namsubiri. Nikamwambia kuna mashindano Marekani, timu 160 zilipewa data za familia zaidi ya 4,000, watoto wanafuatiliwa tangu kuzaliwa, maelfu ya vipengele, watabiri mambo sita likiwemo wastani wa alama za mtoto akiwa na miaka 15. Matokeo yalitoka 2020, timu bora kabisa iliishinda kwa kiduchu tu modeli ya vipengele vinne. Akaandika kitu kwenye karatasi yake akanyamaza. Swali lililofuata lilitoka kwa mtahini wa nje, makande ni nini.

Ugumu ulikuja baadaye, mkuu wa shule alitaka majina yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ili "washtuke". Nikamweleza ule utafiti wa Rosenthal na Jacobson wa 1968, walimu waliambiwa watoto fulani watachanua mwaka huu, kumbe wamechaguliwa kwa bahati nasibu, na wale wadogo wa darasa la kwanza na la pili kweli wakapanda kuliko wenzao. Nikamwambia mzee, sasa wewe unataka kuwabandika wa kunyauka. Hakukubali sana. Nikafanya ujanja, majina nikampa mwalimu wa malezi peke yake, bila kumwambia sababu, na ndani nimechanganya watoto watatu wanaoongoza darasa, akawa anawatembelea wote nyumbani kwa usawa. Mpaka leo hajui nani aliwekwa kama chambo.

Mama mpishi nilimpelekea kaunta buku kubwa nne na kitenge. Mwezi uliopita kanipigia usiku, mwanangu kuna kijana wa Three B hajala tangu Jumatatu na leo Ijumaa. Nikapanik, nikampigia mwalimu wa malezi, akapanda bodaboda asubuhi ya Jumamosi mpaka kwao, kilomita kumi na kitu. Kijana alikuwepo shuleni wiki nzima, hajakosa hata kipindi kimoja. Kachoka makande tu, dada yake kamletea viazi.