Mchana wa Tanga tutauweza, usiku je?

Jumapili jioni, Ilazo, Dodoma.

Jibu linatakiwa kabla Machi haijaisha. Kampuni anayofanyia kazi baba watoto inafungua ofisi Tanga, na wamemtaka yeye akaisimamie. Kazi yake ni kutoa mizigo bandarini. Tangu bandari ya Tanga ichimbwe hadi kina cha mita 13 gatini, meli kubwa zinafunga hapo hapo. Zamani zilitia nanga nje na shehena ikaletwa kwa matishari. Kazi ipo, basi, na mshahara utapanda. Hilo halijatusumbua. Kinachotusumbua ni joto: kama nyumba hii yenye mtoto wa pumu na bibi wa presha, watu waliozoea hewa ya Dodoma, itaweza kuishi pwani mwaka mzima bila mtu kuumia.

"Kwani Dodoma hakuna joto?" Ndivyo wanavyoniuliza karibu wote, kazini, kanisani, hata soko la Majengo. Lipo, na ni kali. Novemba, mvua ikiwa bado inasubiriwa, mchana tunafika nyuzi 31 au 32, na vivuli vya mji huu ni vya kutafuta. Tanga Februari ni 32, 33. Ukilinganisha mchana na mchana utashangaa watu wanabishania nini. Lakini mimi nimeacha kuulizia mchana. Mchana mtu ana pa kukimbilia, chini ya mwembe, barazani, popote penye upepo. Usiku yumo ndani, mlango umefungwa, na asubuhi anasubiriwa kazini au shuleni.

Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni kavu, kwa hiyo jua likizama joto nalo linaondoka. Julai usiku tunashuka hadi nyuzi 13 au 14, watoto wanagombania blanketi. Hata Februari, alfajiri huwa ni 18 au 19. Tanga mwezi huo huo alfajiri ni 24, 25, na hewa imejaa maji. Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndiyo maana niliamua kwamba hatusemi ndiyo wala hapana mpaka tukalale huko.

Tukalale lini, hilo nilielekezwa na jirani yetu, mama mtu mzima wa Tanga aliyekuja Dodoma serikali ilipoanza kuhamia huku baada ya 2016. Yeye aliyapitia haya kwa upande wa pili. Anasema miezi ya kwanza midomo ilimpasuka, wanawe wakitokwa damu puani, na kila usiku alikuwa anaweka beseni la maji chumbani ili hewa ipate unyevu. Nilipomwambia tunafikiria kwenda kuangalia likizo ya Juni, alinikatiza.

"Usiende Juni, mwanangu. Juni kusi inavuma, utaipenda Tanga bure. Nenda Februari, au Machi tangambili ikikaribia, pepo zinapogeuka, upepo umekufa. Ukilala siku hizo ukaamka salama, basi mji umekukubali."

Naona watu wengi wanaohamia pwani huiona kwanza katika miezi ya kusi. Wanakwenda likizo ya Juni, wanakuta mawingu, upepo mzuri kutoka baharini, usiku wanajifunika shuka. Halafu wanahama Januari kwa sababu ndipo shule zinapofunguliwa, yaani wanafikia katikati ya kaskazi, msimu wa joto wa pwani, jua la utosi, miili haijazoea. Tukaomba ruhusa chekechea kwa ajili ya mdogo, mkubwa tukamwacha kwa dada yangu Nkuhungu, tukaenda Februari na bibi.

Tulifikia kwa wifi yangu. Nyumba yake ni mpya, nzuri, safi, madirisha ya alumini ya kusukuma na dari ya jipsamu iliyoshushwa chini kidogo. Jioni tulikaa uani tukala wali wa nazi na changu, watoto wakicheza, nikajiambia mbona pako sawa. Saa sita usiku nikaanza kuelewa. Dirisha la kusukuma hata ulifungue lote linafunguka nusu tu. Kuta zilizokuwa zinaota jua kutwa zilikuwa bado za moto, nikizigusa kwa kiganja nazisikia. Mtoto alikuwa ndani ya chandarua. Feni ya darini inazunguka kwa nguvu, lakini upepo wote unaishia juu ya chandarua. Chini yake hewa imetulia kabisa. Nikampapasa mgongoni. Umelowa, na harara imeshaanza kutoka, vipele vidogo vidogo kuanzia shingoni hadi kwenye mbavu. Niliingiza mkono kutoka nje ya chandarua kupima upepo, nikautoa, nikauingiza tena. Tofauti ilikuwa ya kweli. Huku Dodoma, mkoa ambao ni kati ya yenye malaria kidogo kabisa nchini, huwa tunalegeza kamba usiku wa joto, chandarua kinapandishwa. Tanga huwezi kumfanyia mtoto hivyo. Mbu wapo.

Bibi hakuwa kitandani. Alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, amelowesha kanga akajitanda mabegani, kama anavyofanya hapa nyumbani mwezi wa kumi na moja. Hapa kanga ile ingekauka kabla hajasinzia, na kule kukauka kwake ndiko kunakompoza, kwa sababu maji yakipotea hewani yanaondoka na joto la mwili. Jasho nalo linafanya kazi hiyo hiyo. Kule hewa imeshashiba, haipokei tena. Asubuhi kanga ilikuwa mbichi vilevile, na taulo tulilooga nalo jioni likawa limeanza kunuka. Jikoni kwa wifi chumvi inawekwa na punje chache za mchele ndani ya kopo, na bado ilikuwa imeshikana.

"Umelalaje mama?" nikamuuliza.

"Sijalala, mwanangu. Lakini sijafa." Akaomba chai.

Ingeishia hapo, jibu lingekuwa rahisi. Lakini baba mkwe wa wifi, mzee mmoja mpole sana, aliposikia bibi hakulala aliona aibu kana kwamba ni yeye aliyemnyima usingizi. Akasisitiza tuhamie kwake Chumbageni. Nyumba yake ni ya zamani, imechakaa, rangi imebanduka, mbao za madirisha zimeliwa na hewa ya chumvi. Dari iko juu mno. Juu ya kila mlango kuna matundu ya hewa, na kila chumba cha kulala kina madirisha mawili yanayotazamana, ya mbao, yanayofunguka kote. Mzee akaondoa kile chandarua cha duara alichotundikiwa mtoto, akaweka cha pembe nne kilichotanuka, na feni ya mezani akaiweka kwenye stuli ubavuni, ipulize kwa upande badala ya kushuka kutoka juu. Joto la nje lilikuwa lile lile. Mtoto alilala. Bibi alilala mpaka adhana ya alfajiri ikamwamsha. Sisi wawili tulilala kwa kujigeuzageuza, lakini tulilala.

Nimekuwa nikilifikiria hili tangu turudi. Bibi amezaliwa na kukulia Mvumi ndani ya tembe: ukuta mnene wa udongo, paa la udongo lililolala bapa, tundu dogo la mwanga. Wagogo walijenga hivyo kwa sababu nchi yetu mchana inachoma na usiku inapoa, kwa hiyo ukuta mnene unachelewesha vyote viwili. Nyumba ya pwani ya mzee yule imejengwa kwa hoja iliyo kinyume, kwamba joto halitaondoka usiku, kwa hiyo iache hewa ipite, isisimame popote. Nyumba ya wifi haifuati hoja ya wa huku wala ya wa kule. Imejengwa kwa mtindo unaoupata leo mtaa wowote wa Tanzania, Nzuguni ama Tanga, na mwenye nyumba huambiwa atie kiyoyozi. Mimi nadhani mafundi na wenye nyumba wanawakosea sana wapangaji kwa hili, na nalisema kwa uchungu, maana niliuona mgongo wa mwanangu.

Kiyoyozi tulikipigia hesabu. Feni ya kawaida ikiwaka usiku wote inakula kama nusu yuniti ya umeme. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja kinaweza kula yuniti nne, tano kwa usiku. Sisi hapa tuko kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi. Kiyoyozi kimoja tu kinatutoa hapo, na yuniti ya LUKU inapanda zaidi ya mara mbili. Nyongeza ya mshahara ingekuwa inaishia ukutani. Na umeme ukikatika usiku nyumba ile imefungwa pande zote.

Kuhusu pumu nilikwenda kwa daktari anayemtibu mtoto hapa Dodoma, nikitaraji aniambie hewa ya bahari itamponya au itamuua. Hakusema lolote kati ya hayo. Alisema nitazame anachovuta. Huku adui yake ni vumbi, na nalijua: kuanzia Agosti hadi Oktoba upepo unavuma juu ya ardhi tupu na usiku nasikia kifua chake kinapiga filimbi. Pwani vumbi litapungua, lakini ukungu wa ukutani na wa godoro unaweza kumsumbua vilevile. Chumba kisichopitisha hewa kinaota ukungu. Pampu yake iwe karibu kokote tutakakokuwa. Basi hata kwa pumu tunarudi kwenye madirisha.

Kwa bibi daktari alikuwa na wasiwasi zaidi. Moja ya dawa zake za presha ni ya kukojosha, na mzee wa umri wake hasikii kiu mapema, kwa hiyo kwenye jasho la namna ile anaweza kupungukiwa maji mwilini huku anasema hajambo. Alitaka apimwe na dozi itazamwe upya kabla ya kuhama, na tena msimu wa kaskazi ukianza. Bibi mwenyewe anataka kwenda. Binti yake yuko kule, na siku ile tulipompeleka Raskazone alikaa ufukweni akikodolea bahari muda mrefu, hataki kuondoka. Lakini kutaka kwake hakunitoshi.

Mengine ya Tanga yalitupendeza bila shida. Maji ya mto Zigi ni laini, sabuni inatoa povu, wala sikuona yale magaga meupe yanayoganda ndani ya birika zetu huku. Mji umelala bapa, watu wazima na watoto wanaendesha baiskeli. Watu wana adabu ya kusalimiana mpaka unachelewa uendako.

Umbali ndio unaonikaba koo. Ni karibu kilomita 600 kupitia Morogoro, Chalinze na Segera, kutwa nzima ndani ya basi. Ukoo wetu wote uko hapa na Mvumi na Chamwino. Nikipigiwa simu alfajiri kwamba kuna msiba, leo hii ndani ya saa mbili nimeshafika nimejifunga kanga kiunoni nasonga ugali na wenzangu. Kutoka Tanga nitafika watu wanatawanyika. Mume wangu anasema kuna treni ya SGR mpaka Morogoro, safari itapungua. Itapungua, ndiyo, lakini sitakuwa mtu wa karibu tena, na hilo nimemwomba alikubali kama gharama, asilipunguze kwa ratiba ya treni.

Jana usiku tulikaa tukalimaliza. Tunakwenda, kwa masharti ambayo baba watoto ataandika kesho kwenye barua yake. Tunahama Juni, si sasa wala Januari, ili miili ipate kusi yote ya kuzoea kabla kaskazi haijafika. Shule ya mkubwa nitaanza kuifuatilia wiki hii, uhamisho wa katikati ya mwaka una makaratasi mengi. Bibi atakuja nasi Juni, na Desemba atarudi Mvumi mpaka mvua za masika zianze kule pwani. Ilibidi nimwambie mwenyewe, baba watoto alishindwa. Bibi alinyamaza, kisha akauliza kama mwezi wa tatu atafuatwa au atajipandia basi. Nikamwambia atafuatwa.

Kampuni imependekeza nyumba mpya iliyo na kila kitu, kiyoyozi ndani. Tumeikataa, tunaomba fedha hiyo ya pango tutafute wenyewe. Kesho asubuhi nampigia wifi aanze kuulizia Chumbageni: nyumba kuukuu yenye dari ya juu, madirisha mawili yanayotazamana kila chumba cha kulala, upande mmoja uelekee baharini. Na kodi ya miezi sita, si ya mwaka, ili Desemba kama haipitishi hewa tuwe na nafasi ya kuhama.